Mafuta ya ngozi na mafuta ya kuzuia jua: namna ya kuyatumia yakulinde kweli

Mwanangu wa pili ana ualbino. Siku tunaruhusiwa kutoka wodini nesi aliniambia, "Mama, huyu umvalishe kofia na umpake mafuta." Kofia nilielewa. Mafuta nayo nikayaelewa kwa namna yangu: nikanunua kopo la mafuta ya mgando, yale ya kila nyumba, nikawa nampaka kila asubuhi mpaka anang'aa. Alipoanza kutambaa na kufika kibarazani, mashavu yakambabuka ndani ya siku mbili. Yale mafuta yalikuwa yanalainisha ngozi tu. Jua lilikuwa linapita kana kwamba sijampaka kitu.

Leo ana miaka 11, anapenda mpira, na ngozi yake ni nzima. Mwongozo huu nimemwandikia mzazi aliye pale nilipokuwa mimi, mtu mwenye ualbino anayejinunulia mwenyewe, na yeyote anayesimama mbele ya rafu ya duka la dawa asijue achukue kipi.

Hatua ya 1: Yatenganishe mafuta kwa kazi yake

Toa makopo yote ya nyumbani, uyapange mezani. Utakuta yako makundi mawili, na kuyachanganya ndilo kosa nililolifanya mimi.

Kundi la kwanza ni yale yanayoilinda ngozi isikauke, isipasuke, isichubuliwe na mkojo, jasho au nguo. Humo mna mafuta ya mgando, gliserini, lanolini, siagi ya kakao, siagi ya shea, mafuta ya nazi, losheni ya kalamaini na krimu ya zinki ya watoto. Haya yanaweka utando juu ya ngozi au yanashikilia maji yasipotee.

Kundi la pili ni yale yanayozuia mionzi ya jua. Alama yake ni moja: kopo lina herufi SPF, yaani kipimo cha kinga ya jua, na namba. Kama hakuna SPF, usiyahesabu kuwa kinga ya jua, hata kama muuzaji anaapa. Mafuta ya nazi, ambayo huku kwetu yanasifiwa kwa kila kitu, hayatoshi kumkinga mtu mwenye ualbino hata kwa safari ya kwenda dukani na kurudi.

Swali ninaloulizwa sana: krimu ya mtoto ya upele wa nepi ina zinki, na mafuta ya jua yana zinki, kwa nini nisitumie hiyo ya bei rahisi? Kwa sababu haikutengenezwa ienee sawasawa juu ya ngozi, wala hakuna aliyeipima inazuia jua kiasi gani. Utaona weupe usoni, udhani umelindwa, kumbe kuna mapengo. Hali ni ileile kwa wanaonunua unga wa zinki na kuukoroga kwenye losheni nyumbani. Unga unashikana mabonge, na palipo wazi ndipo jua linapochoma.

Hatua ya 2: Jua kama unahitaji kinga, na ya kiasi gani

Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili. Vipimo vya zamani viliikadiria kuwa sawa na SPF 13 hivi, ndiyo maana wengi wetu hatubabuki kwa kutembea juani. Mtu mwenye ualbino hana rangi hiyo ya kumkinga, kwa hiyo kwake mafuta ya jua ni dawa, wala si kipodozi. Wengine wanaoyahitaji ni wenye mabaka meupe ya vitiligo, wenye lupasi (ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe), wenye madoa meusi ya usoni yanayozidi wakipigwa na jua, na waliokwisha kuchubua ngozi kwa mkorogo.

Halafu kuna dawa zinazoifanya ngozi iungue upesi. Doksisaiklini ni mojawapo, na kotrimoksazoli, ile wengi tunayoiita Septrin, ni nyingine. Ukiandikiwa mojawapo na ngozi ikaanza kuwaka juani, mwambie aliyekuandikia. Usiache dawa mwenyewe.

Namba tafuta SPF 30 au zaidi. SPF 15 huzuia karibu asilimia 93 ya mionzi ya UVB, ile inayobabua ngozi, SPF 30 asilimia 97, SPF 50 asilimia 98. Tofauti ya 30 na 50 ni ndogo, kwa hiyo usijinyime chakula ukitafuta namba kubwa. Cha maana zaidi ni kwamba SPF inapima UVB peke yake. Mionzi ya UVA, inayoingia ndani zaidi, ina alama zake: herufi UVA ndani ya duara kwenye bidhaa za Ulaya, PA na alama za kujumlisha kwenye zile za Asia, au maneno ya Kiingereza "broad spectrum" kwenye za Marekani. Kopo lisilo na hata moja kati ya hizo lirudishe kwenye rafu.

Hatua ya 3: Soma viambato

Maandishi kwenye boksi karibu yote ni ya kigeni. Yasome kwa sauti, utayatambua.

Ukisikia zinki oksidi au titaniamu dioksidi, hayo ni mafuta ya madini. Yanabaki juu ya ngozi, hayawashi sana machoni, na yanafaa watoto na wenye ngozi nyepesi kudhurika. Ubaya wake ni weupe yanaoacha. Kwa mtoto wangu haidhuru, kwa mtu mweusi inakera. Yapo yaliyotiwa rangi ya kahawia kwa oksidi ya chuma, na kwa mwenye madoa meusi usoni hayo ni bora kuliko yasiyo na rangi, kwa sababu madoa hayo huchochewa hata na mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao mafuta yasiyo na rangi hayauzuii vizuri.

Ukisikia avobenzoni, oksibenzoni, oktokrileni, homosaleti au oktinokseti, hayo ni mafuta ya kikemikali. Yanainyonya mionzi na kuigeuza joto. Ni mepesi na hayaachi weupe. Hapa kuna hofu nyingi, kwa hiyo nieleze vizuri. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilivipitia viambato 16 na kupendekeza vigawanywe hivi: zinki na titaniamu vina ushahidi wa kutosha kuwa ni salama na vinafanya kazi, viwili, PABA na trolamini salisileti, havifai, na 12 vilivyobaki vinahitaji utafiti zaidi kwa kuwa baadhi vimeonekana kuingia kwenye damu. Kuingia kwenye damu na kumdhuru mtu ni mambo mawili tofauti, na hakuna aliyeambiwa aache kuvitumia. Saratani ya ngozi tunaiona kliniki kwa macho yetu. Kwa hiyo ukiweza kuchagua, mtoto mpe ya madini. Ukiyakosa, mpake yaliyopo.

Na kwa wanaoogelea Mafia au Mnemba: Hawaii imezuia tangu 2021 kuuza mafuta yenye oksibenzoni na oktinokseti kwa kuhofia matumbawe. Baharini vaeni fulana ya mikono mirefu, na yatakayomwagika majini yatakuwa machache.

Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi katika hospitali ya KCMC, kunatengenezwa Kilisun, mafuta yaliyobuniwa mahususi kwa watu wenye ualbino na kugawiwa kupitia kliniki. Kenya, Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa kugawa mafuta kwa waliojiandikisha. Ulizia kliniki ya ngozi iliyo karibu kabla ya kutoa hela yako, maana kuna wazazi wanaohangaika madukani ilhali mtoto ana haki yake hospitali ya mkoa.

Hatua ya 4: Jaribu kwanza

Paka kidogo ndani ya mkono, karibu na kiwiko, asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Pasipowasha wala kuvimba, endelea. Mwenye pumu ya ngozi asiiruke hatua hii, hasa kwa vitu vyenye manukato au lanolini, ambayo hutoka kwenye manyoya ya kondoo na baadhi ya watu inawadhuru.

Mtoto aliye chini ya miezi sita mlinde kwa kivuli, kanga na mwavuli badala ya mafuta ya jua. Ngozi yake bado changa.

Hatua ya 5: Kiasi cha kupaka

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza faida yote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Namba ya kwenye kopo hupimwa maabara kwa kupaka miligramu mbili kwa kila sentimita moja ya mraba ya ngozi. Hiyo ni nyingi kuliko tunavyodhani. Mtu mzima anayepaka mwili mzima anahitaji kama mililita 30. Ukipaka nusu yake, ile SPF 30 unapata nusu au pungufu.

Kipimo ninachotumia ni vidole. Nyoosha kidole cha shahada na cha kati, kamulia mstari wa mafuta juu ya kila kimoja kuanzia shinani mpaka nchani. Mistari hiyo miwili ni ya uso, masikio na shingo. Mingine miwili ni ya mkono mmoja, kuanzia bega hadi vidole. Tumia vidole vya yule anayepakwa: vidole vya mtoto kwa mtoto, vyako kwako.

Sasa namna ya kupaka. Mwanangu anakaa kwenye kigoda, nami namtia madoa madogo madogo: paji la uso, mashavu, pua, kidevu, kila sikio, kisogo. Kisha naeneza bila kusugua kwa nguvu, naacha utando mweupe uzame wenyewe. Masikio nayapaka mbele na nyuma, na ule mkunjo wa juu ya sikio naupitisha ncha ya kidole kama ninayepangusa ukingo wa kikombe. Ncha za masikio, kisogo, midomo ya chini na migongo ya viganja ndizo sehemu zinazosahaulika, na ndizo zinazoota vidonda. Midomo ina mafuta yake ya kijiti yenye SPF. Mafuta ya mgando kwenye midomo yanang'arisha tu.

Paka dakika 15 kabla ya kutoka. Rudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje, na mara moja ukishatoka jasho, ukiogelea au ukijifuta kwa taulo. Maneno ya kwamba yanastahimili maji yana muda wake, dakika 40 au 80, ambao umeandikwa kwenye kopo. Kwa shule, nilizungumza na mwalimu wa darasa, kichupa kinakaa kwenye begi, na kengele ya mapumziko ndiyo saa ya kujipaka upya. Baada ya wiki tatu alikuwa hahitaji kukumbushwa.

Hesabu hii itakuonyesha pia kwa nini nguo inakuja kabla ya mafuta. Anayepaka uso na mikono yote miwili mara mbili kwa siku anamaliza tyubu ya mililita 100 ndani ya wiki moja. Akivaa shati la mikono mirefu, inabaki kupaka uso, shingo na viganja. Kofia iwe na ukingo mpana kuzunguka pande zote, maana kapelo inaacha masikio na kisogo wazi. Kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, michezo ihamie kivulini. Mawingu yasikudanganye, kwani wingu jepesi hupitisha hadi asilimia 80 ya mionzi hii. Na ukipanda mita 1,000 mionzi huongezeka kwa asilimia 10 hivi, kwa hiyo baridi ya Mbeya au Nairobi si kinga.

Hatua ya 6: Usiyaharibu mafuta kwa kuyachanganya

Losheni ya kulainisha inatangulia, unangoja inyweke, ndipo mafuta ya jua yanafuata juu. Usiyakoroge pamoja kiganjani, utayapunguza nguvu. Usipake mafuta ya mgando juu yake, yatateleza na kuyahamisha. Dawa ya kufukuza mbu inapakwa mwisho, tena kwa uchache, kwa sababu ile yenye DEET inapunguza nguvu ya mafuta ya jua. Bidhaa inayounganisha vyote viwili usiinunue: mafuta ya jua yanataka kurudiwa kila saa mbili, dawa ya mbu haitaki.

Ya kupuliza siyapendi kwa watoto. Huwezi kujua umepaka kiasi gani, mtoto anayavuta kifuani, na mengi yanashika moto. Mwaka 2021 huko Marekani baadhi yake yaliondolewa sokoni baada ya kukutwa na benzini, kemikali inayosababisha saratani. Kama unayo, pulizia kiganjani kwanza, nje, ndipo upake usoni.

Yaweke mahali pasipozidi nyuzi joto 30. Dashibodi ya gari, dirisha lenye jua, boksi la bodaboda, kote huko yanapikwa. Angalia tarehe ya mwisho na pia ile picha ya kopo lililofunguliwa yenye namba kama 12M, maana yake miezi 12 tangu ulipolifungua. Yakijitenga maji na mafuta, au harufu ikibadilika, tupa.

Jambo dogo linalogombanisha nyumba: avobenzoni ikikutana na maji ya kisima yenye madini ya chuma, kola ya shati jeupe la shule inatoka madoa kama ya kutu. Acha mafuta yakauke kabla ya kuvaa, au tumia ya madini.

Jioni yaoshe kwa sabuni laini, kisha ndipo mafuta ya mgando yapate nafasi yake.

Hatua ya 7: Mafuta ya kulinda ngozi nayo yana masharti

Mafuta ya mgando ni rafiki mzuri yakipakwa kwenye ngozi yenye unyevu bado, mara tu baada ya kuoga, kwa sababu yanazuia maji yaliyopo yasitoke. Usiyapake kwenye moto mpya. Palipoungua pamwagie maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, bila mafuta, bila dawa ya meno, bila yai. Usiyajaze puani kila usiku, yanaweza kushuka mapafuni. Na kanga au shuka iliyolowa mafuta haya inashika moto upesi mno, kwa hiyo ukishajipaka kaa mbali na jiko la mkaa na kibatari.

Gliserini ya chupa ya duka la dawa ichanganye na maji. Ukiipaka kavu kavu wakati wa upepo wa kipupwe, inaweza kuvuta maji kutoka ndani ya ngozi yenyewe.

Krimu ya zinki kwa upele wa nepi: safisha, kausha kabisa, ndipo upake. Ile ya awali si lazima uikwangue yote, kumsugua mtoto kunazidisha kidonda. Ikifika siku ya tatu hakuna nafuu, au ukiona vidoa vyekundu vimezunguka kingo, huenda ni fangasi na inataka dawa nyingine. Poda usimrushie mtoto mapajani, anaivuta puani.

Kalamaini ni ya muwasho, kama wa tetekuwanga. Tikisa chupa, usipake penye kidonda kibichi wala karibu na macho.

Ndimu iweke jikoni. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi ukatoka juani, unapata malengelenge na baadaye doa jeusi linalodumu wiki kadhaa au miezi. Wapo wanaoikamulia kwenye mafuta ya nazi wakitafuta weupe.

Hatua ya 8: Yanayopaswa kutoka nyumbani leo

Krimu yoyote inayoahidi weupe ichunguze. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni (kemikali ya kuchubua ngozi), lakini bado vinapenya. Zebaki huandikwa merkuri, kalomeli, au herufi Hg, na mara nyingi haiandikwi kabisa. Dalili moja ya kuitambua: maelezo yanayokuonya usiiguse na pete ya fedha, dhahabu au alumini. Zebaki inaharibu figo, na mtoto anayebebwa na mama aliyejipaka anaipata naye. Krimu za klobetasoli na betamethasoni ni dawa za daktari. Zikitumika kama vipodozi zinaichosha ngozi mpaka inakuwa nyembamba kama karatasi, na mtu wa namna hiyo jua linamchoma kuliko zamani.

Mimi niliwahi kuuziwa gulioni kopo lililoandikwa SPF 60 kwa stika iliyobandikwa juu ya maandishi mengine. Niliikwangua kwa ukucha, chini yake ilikuwa krimu ya kung'arisha. Tangu siku hiyo kila kopo nalipitishia kidole kutafuta stika.

Hatua ya 9: Kagua ngozi kila mwezi

Jumapili ya kwanza ya mwezi, kukiwa na mwanga mzuri, natazama uso, masikio, midomo, shingo na viganja vya mwanangu. Natafuta gamba gumu linalokwaruza kama msasa, kidonda kilichokaa wiki nne bila kupona, au uvimbe unaotoa damu ukiguswa.

Mwaka juzi niliukuta ukwaru mdogo kwenye ncha ya sikio la kushoto, mdogo kuliko punje ya mtama. Kwa macho hauonekani, kwa kidole unausikia. Daktari aliugandisha kwa nitrojeni ya maji, kazi ya dakika chache, na tukarudi nyumbani siku hiyohiyo. Ungeachwa ungeweza kugeuka saratani, na hapo ni kisu.

Ukienda kliniki, beba makopo yote anayopakwa nyumbani, hata lile unaloona haya kulionyesha. Daktari wetu huanza kwa kuyasoma.